Tundu la Dole Gumba

Miaka kumi na tisa nilikuwa na kisu kimoja.
Lugembe alikikata kwenye springi ya lori
lililolala ubavu Usagara,
mpini pembe ya fahali, ekseli yake msumari
uliogongwa kichwa hadi ukakubali.
Kukifungua kulitaka ukucha, na subira.
Kukifunga kulitaka kumkumbuka Mungu.

Kwa kisu hicho nimekata nyuzi za nyavu
ambazo zikiungwa zingefika Ukara na kurudi
na chenji ikabaki.

Kisha macho ya mzee yakaingia ukungu,
nyundo akamwachia Mbuke, bintiye,
na Mbuke akaanza kufikiri.

Nilikwenda Igogo kutafuta kisu kama changu, ila kipya.
Akaniwekea mezani kitu cha rangi ya chungwa.
Chungwa! Mpini wa vifuniko vya madumu
alivyoviyeyusha kwenye sufuria mbovu.
Badala ya msumari, skrubu.
Badala ya mfuo wa ukucha, tundu
pana kama jicho la sangara wa kilo mbili.
Na humo ndani kipande cha chuma kinachosema
ka! kisu kikifunguka,
nacho kinakataa kujikunja
mpaka ukibembeleze kwa kidole.

"Baba yako amekiona hiki?"
"Amekishika," akasema. "Kuona haoni."
"Akasemaje?"
"Akauliza skrubu nimezipata bei gani."

Nikalipa kwa ajili ya mzee.
Nikakitupa kwenye ndoo ya maboya,
na kila aliyeomba kisu pale mwaloni
nikampa hicho cha chungwa,
moyoni nikiomba kipotee.
Kikawa kinarudi. Rangi ile haipotei.
Kilianguka topeni, kikaonekana.
Kilianguka kwenye magugu maji, kikakaa juu ya jani
kama ua lililokosea msimu.
Kwenye rundo la dagaa kikaniita kwa jina.

Siwezi kusema ilikuwa siku gani.
Labda ile asubuhi ya mvua, vidole vimekufa ganzi,
wavu wa Bwire umenasa gogo, injini inanguruma,
nami nikanyoosha mkono bila kutazama.
Dole gumba likaingia tunduni
kama mguu unavyoijua ndala yake gizani.
Ka! Nikakata.
Baadaye, nikikifuta kwa pindo la kanga,
nikakitazama kidole changu cha shahada,
kovu lile lenye umbo la mwezi mchanga.
Cha pembe kilinifungia pale
mwaka dagaa walipoadimika.
Siku zote nikiulizwa nasema: ndiyo kazi.
Haikuwa kazi. Ulikuwa msumari umelegea.

Nilinung'unika hivi hivi karabai zilipoondoka,
zikaja taa za sola, nyeupe kama wodi ya hospitali.
Nikaapa dagaa hawatakuja.
Dagaa hawakuuliza mwezi ule umetengenezwa na nani.

Sisemi nimekisahau cha pembe.
Kipo kabatini, nimekipaka mafuta,
Jumapili nakifungua kwa ukucha, taratibu,
namenyea chungwa.
Na Mbuke nimemwambia ukweli wake:
skrubu inashika kutu, mpini ukilowa unateleza.
Akachukua kalamu, akaandika kwenye kiganja.
Vya mwezi ujao, anasema, vitakuwa na mikwaruzo ya kushikia.
Sawa, nikamwambia. Ila tundu usiliguse.

Jana Bwire kaja, mkono mbele:
"Mama Kwandu, niazime kile cha chungwa."
Nikakisikia kiunoni, ndani ya kanga,
kimepata joto langu.
"Una meno," nikamwambia. "Tumia meno."